Kisanduku cha Kugeuzia MIDI: Kazi ya Kwanza ya Fundi Mwanafunzi

Mwanamuziki wa Jinja au wa Mbale aliyejaaliwa kinanda kimoja kizuri na mashine mbili za sauti, moja ya ogani kwa ajili ya ibada na nyingine ya ngoma zinazokaribia mdundo wa kadodi, aghalabu hulazimika kuchomoa kebo huku na kuichomeka kule wakati hadhira inamngoja, hata matundu ya vyombo vyake yakalegea kabla ya wakati wake. Dawa ya taabu hii ni kisanduku chenye swichi moja, kisichohitaji betri wala umeme wa ukutani, ambacho hata mtu asiyepata kulehemu waya aweza kukiunda, madhali amefahamu kwanza ni kitu gani kipitacho ndani ya kebo hiyo.

MIDI, lugha ya vyombo vya muziki vya elektroniki ipitayo ndani ya kebo hiyo, iliyodhihirishwa hadharani huko Marekani Januari 1983, pale kinanda cha kampuni ya Sequential Circuits kilipounganishwa na cha Roland, haisafirishi sauti, bali amri: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na imeachiliwa lini. Amri hizo huenda kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, zikibebwa na mkondo hafifu wa miliampea 5, ambao hutoka kwa pini ya 4 na kurejea kwa pini ya 5, ukiwasha na kuzima taa ndogo iliyofichwa ndani ya chombo kipokeacho. Pini ya 2 ni ya wavu wa kinga, na ya 1 na ya 3 hazina kazi.

Kwa kuwa mkondo sharti uende na kurudi, swichi nayo sharti igeuze waya zote mbili kwa pamoja; kwa hiyo tafuta ile yenye miguu sita, iliyopangwa safu mbili za miguu mitatu mitatu. Toboa mkebe kwa kekee, funga soketi tatu za pini tano, kisha lehemu pini ya 4 ya soketi ya kuingilia kwenye mguu wa kati wa safu ya kwanza, na pini ya 5 kwenye mguu wa kati wa safu ya pili. Miguu miwili ya juu iende kwenye pini ya 4 na ya 5 za soketi ya mashine ya kwanza, na ya chini kwenye za mashine ya pili, ilhali pini za 2 za soketi zote zaunganishwa pamoja. Zingatia kwamba pini hufuatana 1, 4, 2, 5, 3, na kwamba ukiitazama soketi kwa nyuma, kulia huwa kushoto. Anayesahau hilo hubadilisha 4 na 5, na mashine hubaki kimya.

Kabla ya kuchomeka chombo chochote, hakikisha kwa mita kwamba 4 yafika kwa 4, na 5 kwa 5, na kwamba hizo mbili hazigusani kamwe.

Fauka ya hayo, ujue mpaka wa kisanduku hiki. Katika embaire ya Busoga watu kadhaa hupiga marimba moja na sauti zikapatana, lakini MIDI haikubali ushirika huo: ukiunganisha waya za vinanda viwili mahali pamoja, amri zao huvurugana, na ukigawa mkondo mmoja kwa mashine mbili, kila moja hupata pungufu. Kazi hizo zahitaji sakiti yenye umeme wake.

Kwa mpigaji, kanuni ni moja: inua vidole kabla ya kugeuza swichi, kwani amri ya kuachilia noti ikienda kwa mashine nyingine, ile ya kwanza itaendelea kulia. Nanyi mafundi wa redio wa Jinja na Mbale, wapeni vijana wenu kazi hii iwe ya kwanza, maana gharama yake ni ndogo na elimu yake ni maridhawa.