Uwanja wa Gusii na Wakimbiaji Wake

Wasomaji wetu wa Mombasa wamezoea kuona krikiti ikichezwa katika Mombasa Sports Club, klabu iliyoasisiwa mwaka 1896, na huenda wakadhani kuwa kila uwanja wa zamani nchini una kisa hicho kimoja cha Waingereza na nguo zao nyeupe. Nasi tulidhani hivyo, hadi tulipopanda milima ya Kisii kuwazuru jamaa zetu wa Kinubi, ambao wazee wao walifika huko pamoja na askari wa Keya.

Mwenyeji wetu, bibi wa makamo, alitupokea kwa chai na swali. "Sheikh, mjukuu wangu wa kike anataka kwenda kukimbia Uwanja wa Gusii. Nimkataze?"

Kabla ya kumjibu tuliomba tuuone kwanza uwanja wenyewe.

Uwanja wa Gusii umo mjini Kisii, na sifa yake haiwezi kutengwa na miguu ya Wakisii. Nyandika Maiyoro alishiriki Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, akawa wa saba katika mita 5,000. Miaka minne baadaye, mjini Roma, akawa wa sita. Wazee hupenda zaidi kisa cha Madagaska cha mwaka 1953: Maiyoro alichelewa kuanza, wenzake wakiwa wamekwisha kutangulia, naye akawafuata na kuwapita wote. Arere Anentia alileta shaba ya maili sita kutoka Cardiff mwaka 1958. Kisha akaja Naftali Temu. Mwaka 1968, huko Mexico, alishinda mita 10,000 na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, na siku chache baadaye akaongeza shaba ya mita 5,000. Temu alifariki mwaka 2003, na watu wa Nyamira humtaja kama mtu wa nyumbani.

Mpira nao una yake. Timu ya Shabana iliundwa mwaka 1980, ikachukua jina la duka la vifaa vya ujenzi. Ilishuka daraja mwaka 2006, ikarejea ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17. Hata hivyo, baadhi ya mechi zake za nyumbani zilichezwa Homa Bay, na mashabiki wakalazimika kulipa nauli kwenda kuitazama timu yao kwa jirani. Tunakiri jambo hilo lilitusikitisha. Uwanja huohuo ulikuwa umekarabatiwa kwa ajili ya Sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba 2020, na Rais Uhuru Kenyatta akahutubia taifa kutoka hapo. Kwa mawazo yetu, uwanja wa umma haupaswi kungoja ugeni wa serikali ndipo upakwe rangi.

Tukarudi kwa bibi. Tulimkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), mara moja Bibi akashinda, na mara nyingine Mtume akashinda. Basi mbio zenyewe si tatizo. Binti avae nguo za stara, aende wakati usio na msongamano, na asiende peke yake.

"Nani atampeleka?" akauliza. "Baba yake yuko safarini."

Tukamwambia ampeleke yeye mwenyewe.

Alicheka sana, akisema magoti yake hayana habari ya Olimpiki. Lakini asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya Alfajiri, alijifunga kanga juu ya buibui kwa ajili ya baridi, nasi tukafuatana nao. Tulimweleza binti kwamba mita 10,000 za Temu ni kuzunguka mara 25. Akaanza kwa kasi mno, kama waanzavyo watoto wote. Bibi alihesabu kwa sauti. Mzunguko wa nne ulipokwisha, binti alikuja kuketi karibu naye, akaomba maji, akauliza kama kesho watarudi.