Mtoto Anapoendesha: Kufunga Tumbo au Kurudisha Maji? (Sehemu ya Pili)

Toka Mkinga hadi Pangani, mtoto akianza kuendesha anayeulizwa kwanza ni bibi, na bibi hakosi jibu: meno yanaota, au mtoto kabemendwa. Yatachemshwa majani ya mpera, na yasipofua dafu mtu atatumwa dukani kutafuta dawa ya kufunga tumbo. Wapo wataalamu wanaouita huo ujinga. Sikubaliani nao. Familia hiyo ina kipimo chake, tena kinaeleweka: dawa ni ile iliyokatisha choo. Kwa kipimo hicho ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa pakiti unaochanganywa na maji, itashindwa kila siku, kwa sababu haikuundwa kufunga tumbo. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi, na upungufu wa vitu hivyo ndio unaoua watoto wengi wa ugonjwa huu. Sukari ya glukosi na sodiamu hupita pamoja kwenye ukuta wa utumbo na kuvuta maji nyuma yake. Mlango huo hubaki wazi hata utumbo ukiugua. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowavamia wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, India, Dk. Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu, akawanywesha wagonjwa mchanganyiko huo. Vifo vilishuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya 4.

Mtu wa pwani atauliza: madafu tele, pakiti ya nini? Dafu lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake haba, na sodiamu ndiyo inayomtoka mgonjwa kwa wingi. Aliyeanza kuendesha leo asubuhi heri anywe dafu kuliko kunyimwa maji. Aliyekwisha kulegea halimtoshi. Pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji safi, yaani kama chupa tatu za soda, si kikombe kimoja, na yakibaki hadi kesho yamwagwe. Majani ya mpera sina ugomvi nayo, mradi yasichukue nafasi ya ORS wala ya titi la mama. Lakini kumchimba mtoto fizi eti kung'oa “meno ya plastiki” yanayosingiziwa kuleta kuharisha ni kumjeruhi tu, na hapo sioni cha kuvumilia.

Pingamizi zito ni la mama mwenyewe: “Nimemnywesha, bado anaharisha.” Anasema kweli. Choo chaweza kuendelea siku kadhaa, na anayempa pakiti bila kumwambia hivyo anamfanya aitupe kesho yake. Vidonge vya zinki ndivyo vinavyofupisha siku hizo: miligramu 20 kila siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, hata tumbo likitulia mapema. Wakati huo mama aangalie mambo mengine: mtoto kakojoa? Akilia, machozi yanatoka? Ngozi ya tumbo ikifinywa, inarudi upesi? Macho yakizama, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, safari ya zahanati isingoje kuche.