Punda wa Ini

Pombe ya mahindi na ulezi inayochacha kwenye pipa huko Ganako, kandokando ya mji wa Karatu, ni kazi ya chachu inayojitafutia riziki yake. Chachu huvunja sukari ipate nguvu, na haidrojeni inayotoka humo hubebwa na koenzaimu iitwayo NAD. Huyu ni punda: asipotua mzigo, harudi shambani. Palipo na uhaba wa hewa, chachu humtua mzigo juu ya asetaldehidi, nayo ikishaupokea huwa alkoholi. Arthur Harden na William Young waliinasa koenzaimu hiyo mwaka 1906 huko Uingereza, katika juisi ya chachu.

Ini la mnywaji huirudia safari hiyo kinyumenyume. Alkoholi hupokonywa haidrojeni ikawa asetaldehidi, ambayo ni sumu, kisha hiyo nayo hupokonywa ikawa asetati. Kila molekuli ya alkoholi hupakia punda wawili. Bia ya nusu lita yenye alkoholi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, na ini la mtu mzima kwa kawaida humaliza gramu 7 hadi 10 kwa saa. Foleni iko hapo kwenye kutua mizigo, ndiyo maana kahawa haimlevui mtu, hata iwe ya Oldeani.

Punda wakiwa wamepakiwa wote, kazi nyingine za ini huzorota. Mafuta hayaunguzwi ipasavyo, hujilimbikiza ndani ya ini. Lakini lenye hatari ya haraka ni suala la sukari. Mtu aliyelima tangu asubuhi bila kula huwa amekwisha kutumia sehemu kubwa ya akiba ya sukari iliyo kwenye ini, hivyo hutegemea ini litengeneze nyingine. Akianza kunywa, utengenezaji huo hukwama. Anatoka jasho, anatetemeka, anapayuka, anazimia; wenzake husema, “Mwacheni alale, pombe zitamtoka.” Kumbe ubongo wake umekosa sukari, na anahitaji hospitali usiku huohuo.

Mlevi wa miaka mingi ana tatizo jingine. NAD hutengenezwa kutokana na vitamini iitwayo niasini, na niasini ya mahindi imefungwa kiasi kwamba ugali wa kawaida huitoa kidogo tu. Maharage, ambayo Karatu hayaadimiki, huziba pengo hilo, ila mlevi aliyeacha kula hayagusi. Huweza kupata pelagra: ngozi ya shingo na mikono hubabuka kwa jua, tumbo huendesha, akili huvurugika.