Springi za koili kwenye pikapu: hesabu magunia kabla ya kumwita fundi

WENYE pikapu za mizigo mkoani Singida wanaofikiria kung'oa springi za bapa za nyuma na kuweka za koili wanashauriwa kupiga hesabu kabla gari halijapandishwa juu ya mawe. Kazi hiyo inawezekana, na ikifanywa vizuri gari hutembea kwa ulaini ambao dereva wa Hilux hajauzoea. Lakini gari la biashara linalipa kwa tani linazobeba na kwa siku linazokuwa barabarani. Ulaini haumo katika hesabu ya mnunuzi wa Misuna.

Lami sasa inapita kutoka Dodoma na Manyoni hadi Singida mjini, ikaendelea Shelui na Nzega, na nyingine ikaenda Babati. Hata hivyo mzigo hauanzii kwenye lami. Vitunguu vya Mkalama na Iramba, alizeti na matenga ya kuku wa kienyeji huanza safari kwenye njia za udongo na changarawe, ambazo tangu 2017 ziko chini ya TARURA. Huko ndiko bapa zinakovunjika na ndiko wazo la koili linakozaliwa.

Mwenye gari aelewe anachokitoa. Fungu la bapa hufanya kazi mbili kwa pamoja: hubeba mzigo, na hushikilia ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Koili hubeba tu. Ukiiweka peke yake, ekseli haina wa kuishika, hivyo fundi atalazimika kutengeneza mikono minne ya kuifunga kwenye chesesi, au miwili imara, pamoja na fimbo ya kuzuia isicheze kushoto na kulia. Mikono hiyo ndiyo kazi yenyewe. Anayekutajia bei ya koili na shokapu bila kuitaja mikono hajakutajia bei.

Kuna na chesesi. Tuseme mzigo na bodi vinaweka kilo 1,200 nyuma. Kwa springi za bapa uzito huo hugawanyika sehemu nne, mbili kila upande, kama kilo 300 kila moja. Kwa koili huangukia sehemu mbili tu, kilo 600 kila moja, na shimo likiongeza pigo mara mbili, kipande kile kidogo cha chuma hupokea kilo 1,200. Chesesi ya pikapu ya bapa haikuimarishwa mahali hapo. Mshono wa kuchomelea ukiachia, hauachii gereji; huachia gari likiwa na mzigo, na mara nyingi na watu juu ya mzigo, ingawa hawatakiwi kuwapo.

Sasa lumbesa. Gunia halali halizidi kilo 100, na magunia 10 ni tani 1, karibu na kiasi ambacho Hilux imetengenezewa kubeba. Yakijazwa hadi kilo 130, gari limebeba tani 1 na kilo 300. Bapa hulalamika, hunyooka, na ile bapa nene ya chini huanza kusaidia. Koili iliyochaguliwa kwa tani 1 hujifunga, gari likakaa juu ya raba za kuzuia, na kuanzia hapo kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye chesesi. Ukiweka koili ngumu ya kubeba lumbesa, gari tupu litaruka kuliko lilivyoruka na bapa, na fedha yako imenunua kile ulichokuwa unakikimbia.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni breki. Hilux nyingi za zamani zina valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Sehemu ya nyuma ikishuka kwa mzigo, valvu huongeza breki za nyuma. Ukibadilisha urefu au ugumu wa springi bila kuirekebisha, huliona gari lenye magunia 10 kuwa ni tupu, na huipunguzia breki. Mwenye kushuka Sekenke na vitunguu ajue hilo kabla, si akiwa katikati ya mteremko.

Watengenezaji wenyewe wamefanya mabadiliko haya, lakini hawakuishia kwenye springi. Land Rover ilipotoka kwenye 109 ya bapa kwenda One Ten ya koili mwaka 1983 ilibadilisha pia chesesi. Hilux Surf iliyoanza 1989 ilipewa koili na mikono minne nyuma, na Dodge Ram 1500 ya Marekani ikafuata kwa toleo la 2009. Upande wa pili, Toyota iliweka koili mbele kwenye Land Cruiser ya pikapu mwaka 1999 na kuacha bapa nyuma, mahali mzigo ulipo.

Kwa nani basi koili zinafaa? Kwa anayebeba mzigo mwepesi usiobadilika, mayai kwa mfano, au gari la ukaguzi linalopita Manyoni hadi Itigi bila tani yoyote. Huyo atafute Surf iliyokufa injini, achukue ekseli, mikono na vishikizo vyote pamoja, vipimo vya kiwandani vikiwamo, kuliko kukata vyuma kwa kubahatisha. Baada ya hapo gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi.

Mchuuzi wa vitunguu aanze na vya bei ndogo: bushi mpya, shokapu nzima, yubolti zilizokazwa upya baada ya safari za mwanzo, na bapa iliyopinda ibadilishwe badala ya kupigwa nyundo. Bapa ikikatika Kiomboi, fundi wa pale ataifungua na kuweka nyingine siku hiyo hiyo. Mkono wa koili uliotengenezwa kwa kubuni ukikatika, kipuri chake hakipo dukani popote, na vitunguu vinabaki juani.