Usipoziba Ufa: Kukandika, Kutomea na Kusiriba Nyumba Mpakani Busia na Malaba

Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni miongoni mwa methali za mwanzo ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa, na yamkini hakuna mwalimu wa shule ya upili nchini Kenya ambaye hajaisahihisha mwishoni mwa insha. Maana yake ya ndani inajulikana na kila mtu: dosari ndogo isiporekebishwa mapema huzaa hasara kubwa. Maana yake ya nje, hata hivyo, hupitwa kana kwamba haina la kusema. Ukuta unaozungumziwa ni ukuta gani? Ni ukuta wa aina ipi unaopata ufa ambao mwenye nyumba anaweza kuuziba mwenyewe, kwa mkono wake, bila kumwita fundi?

Makala haya yanaufuata ukuta huo hadi katika kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya, kwenye miji ya mpakani ya Busia na Malaba na vijiji vinavyoizunguka. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kina vitenzi mahususi vya kazi ya ukuta wa udongo, kwamba vitenzi hivyo si visawe bali ni hatua zinazofuatana, na kwamba pale vinapochanganywa ukuta wenyewe huanguka.

Mahali na watu

Mpaka wa Kenya na Uganda, ambao serikali ya kikoloni ya Uingereza iliuainisha kwa amri ya mwaka 1926, unafuata kwa sehemu mito ya Malaba na Sio. Ulipita katikati ya jamii ambazo hadi leo zina jamaa pande zote mbili: Wateso kaskazini, kuelekea Malaba, Amagoro na Amukura, na Wasamia kusini, kuelekea Funyula na Ziwa Victoria. Wakhayo na Wamarachi wanaishi katikati, upande wa Matayos, Nambale na Butula. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 893,681 katika kaunti hii. Kiteso ni lugha ya Kinailoti, Kiluhya ni ya Kibantu, na watu wa lugha hizi mbili wakikutana sokoni Adungosi au kwenye foleni ya malori Malaba huongea Kiswahili. Eneo hili limekwisha kukipa Kiswahili neno ambalo sasa linatumika Afrika Mashariki nzima, nalo ni bodaboda, kutokana na baiskeli zilizowavusha wasafiri kutoka kituo cha mpaka kimoja hadi kingine. Neno hilo limeandikiwa mengi. Nyumba ambazo waendesha baiskeli hao walirudi kulala jioni zimeandikiwa machache mno.

Nyumba ya udongo ya Busia huanza kwa nguzo, aghalabu za mkaratusi siku hizi. Nguzo huchimbiwa ardhini, na ncha za chini hupakwa oili chafu ya magari ili kuwafukuza mchwa. Fito hupigiliwa kwa ulalo ndani na nje ya nguzo, zikiacha uwazi katikati. Kazi hii kwa desturi ni ya wanaume. Inapofika kwenye udongo, nyumba huhamia mikononi mwa wanawake, na hapo ndipo msamiati unapoanza kuwa mpana.

Vitenzi vitatu, na cha nne

Kukandika ni kujaza udongo mzito katika uwazi ulio kati ya fito na kuushindilia hadi mifupa ya nyumba ifichike. Udongo huchimbwa karibu na nyumba, au huletwa kutoka kwenye kichuguu, kwa kuwa mchwa wamekwisha kuuchambua na kuufanya unate. Humwagiwa maji, huachwa unywe, kisha hukanyagwa kwa miguu hadi mabonge yapotee. Siku ya kukandika majirani huitwa, na mwenye nyumba hupika. Anayepika kidogo husikia habari zake kisimani wiki nzima.

Ukuta uliokandikwa hupata nyufa. Hili ndilo jambo ambalo insha zetu haziligusi. Chembe za mfinyanzi hushika maji kati yake. Maji yakikauka chembe husogeleana na udongo mzima husinyaa. Tabaka likiwa nene, kusinyaa huwa kwingi, na kwa vile fito na nguzo hazisinyai pamoja nalo, tabaka hupasuka. Kwa hiyo ufa katika hatua hii si dalili ya uzembe wa aliyekandika. Ni tabia ya udongo, na mjenzi mzoefu huungoja utokee. Angesiriba kabla haujatokea angepoteza kazi yake, kwa kuwa ufa ungepasukia juu. Methali, ikisomwa mbele ya ukuta huu, haimlaumu mtu kwa kuwa na ufa. Inamlaumu kwa kutouziba kabla ya mvua. Tofauti hiyo ni kubwa, nayo hupotea methali inapofundishwa darasani bila ukuta.

Kuziba huko ndiko kutomea. Katika nyumba za pwani, kutomea ni kujazia vijiwe pamoja na udongo au chokaa penye mashimo ili ukuta uwe tayari kwa tabaka la juu. Huku Busia mwanamke huchukua udongo wenye mchanga mwingi zaidi, pengine na vijiwe vya kokoto, akalowanisha kingo za ufa kwanza, kisha akausukuma ndani kwa kidole gumba. Mchanga hausinyai kama mfinyanzi, hivyo kiraka hakipasuki tena mahali pale pale. Kulowanisha nako kuna sababu: udongo mkavu ungefyonza maji ya kiraka ghafla na kukifanya kidondoke.

Kusiriba huja mwisho. Ni kupitisha tabaka jembamba na laini juu ya uso wote, kwa kiganja, kwa mizunguko ambayo alama zake huonekana jua la jioni likiupiga ukuta kwa ubavu. Mchanganyiko wake ni udongo uliochujwa na kinyesi kibichi cha ng'ombe; wengine huongeza majivu. Mgeni wa mjini hukunja pua, lakini kinyesi hicho kina kazi. Nyuzi za majani ambazo tumbo la ng'ombe halikuzimaliza husambaa ndani ya udongo na kuufunga kama nywele ndani ya mfinyanzi wa chungu, hivyo tabaka halipasuki ovyo. Na ute wake huufanya uso usilainike upesi maji yanapouteremkia. Harufu huisha ukuta unapokauka.

Cha nne ni kupaka, yaani kutia rangi. Rangi nyekundu hutoka kwenye udongo wa changarawe uliojaa eneo hili, na rangi ya kijivu au nyeupe kwenye mabonde ya mito. Nyeusi hutokana na makaa yaliyosagwa au, tangu redio zienee, na unga wa betri kuukuu. Unga huo ni manganizi na kaboni, pamoja na chumvi za zinki zinazochubua ngozi, na si kitu cha kuchanganywa kwa mikono mitupu, ingawa hivyo ndivyo huchanganywa. Mkanda mweusi huwekwa chini ya ukuta kuzunguka nyumba. Wapo wanaouona kuwa pambo tu. Kwa hakika mkanda huo huficha madoa ya matope yanayorushwa na matone ya mvua, na kwa kuwa hurudiwa mara nyingi kuliko sehemu nyingine, huufanya mguu wa ukuta kuwa mnene mahali unapoliwa zaidi. Juu yake hufuata maua, pembetatu, na mara nyingi maandishi: Karibu Mgeni, Krismasi Njema, na mwaka. Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea kusoma kanga angepata mengi ya kusoma hapa, lakini angehitaji kufika mwezi Desemba, kwani kufikia Mei maandishi mengi yamekwisha kufutwa na masika.

Majira yenyewe ndiyo kalenda ya kazi hii. Mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, na nyingine kuanzia Agosti hadi Novemba. Kati ya Desemba na Februari kuna jua la kutosha kukausha tabaka baada ya tabaka, na watoto walio mbali wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Mama asiyesiriba mwezi huo hujulikana. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana: anayesiriba hugusa kila sehemu ya ukuta wake kwa mkono, na hivyo huwa wa kwanza kuuona mfereji wa mchwa unaopanda kuelekea paani. Kusiriba ni kukagua.

Saruji juu ya udongo

Huko Tororo, ng'ambo kidogo tu ya Malaba, kiwanda cha saruji kimekuwapo tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo saruji si kitu kigeni kwa watu wa mpakani. Mabati nayo yamechukua nafasi ya nyasi katika nyumba nyingi, na mabadiliko haya mawili yamekuja na kasoro ambazo hazisemwi dukani.

Ya kwanza ni upenu. Paa la nyasi lilitokeza mbele ya ukuta kiasi cha kumkinga mtu aliyeketi nje. Bati hununuliwa kwa urefu, na kila kipande kinachopita ukuta huonekana kama fedha iliyotupwa. Kwa hiyo upenu umefupishwa. Matokeo yake ni kwamba ukuta ule ule wa udongo, ambao zamani ulipata mvua ya upepo tu, sasa unanyeshewa moja kwa moja. Mwenye nyumba huulaumu udongo.

Ya pili ndiyo ghali zaidi. Akishauzoea ukuta unaochakaa, mwenye nyumba hujinyima, hununua mifuko kadhaa ya saruji na kumwita fundi apige lipu juu ya udongo. Kwa miezi michache nyumba hung'aa. Kisha lipu hulia kama debe tupu ikigongwa, na masika yakija huanguka kwa vipande vikubwa, ikiondoka na udongo ulioshikamana nayo. Sababu si ubaya wa saruji. Udongo huvimba ukinyonya unyevu na husinyaa ukikauka, ilhali saruji iliyokauka ni ngumu na haifuati mwendo huo; vitu hivi viwili huachana. Zaidi ya hayo, unyevu unaopanda kutoka ardhini au kuingia kwa juu ulikuwa ukitoka kupitia uso wa udongo. Saruji huuzuia, nao hubaki ndani ukiyalainisha matumbo ya ukuta na kuwalisha mchwa mahali ambapo hakuna mkono unaowaona. Rangi ya mafuta ikipakwa juu hufanya vivyo hivyo, na hujitangaza kwa malengelenge.

Chokaa ingefaa zaidi. Chokaa iliyozimwa kwa maji hugeuka taratibu kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya kaboni, lakini hubaki na vitundu vinavyopitisha unyevu, na hii ni sababu moja ya kuta za mawe za Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, kudumu kwa karne nyingi katika hewa ya chumvi. Inahitaji kurudiwa, kama udongo. Tatizo ni kwamba neno kupiga lipu limemeza maneno mengine yote. Fundi kijana anayelijua hilo peke yake huona ukuta wa aina moja na kazi ya aina moja. Aliyefunzwa kwamba kuna kukandika, kisha kutomea, kisha kusiriba, hujua kwamba tabaka la juu lazima liwe dhaifu na jembamba kuliko lile la chini. Utaratibu umo ndani ya maneno. Kule Djenné nchini Mali, msikiti mkuu wa udongo husiribwa upya kila mwaka na mji mzima, na hakuna anayeiona kazi hiyo kuwa aibu ya umaskini.

Sakafu, funza na mbu

Hata hivyo, si haki kuusifia udongo kana kwamba wanaoishi nao hawana sababu ya kutaka kuuacha. Sakafu ya vumbi hulea funza, ambao mayai na mabuu yao hukua katika mchanga mkavu. Kusiriba sakafu mara kwa mara hupunguza vumbi hilo, lakini hakuliondoi, na kazi huwa ya mwanamke mmoja aliyepiga magoti. Katika jimbo la Coahuila nchini Mexico, ambako serikali ilianza mwaka 2000 kuwawekea maskini sakafu za saruji, uchunguzi uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba minyoo na upungufu wa damu kwa watoto vilipungua. Kwa fedha chache, basi, saruji inafaa ianze sakafuni, wala si ukutani. Familia nyingi za mpakani hufanya kinyume, kwa kuwa ukuta ndio unaoonekana na wapita njia.

Liko jambo moja zaidi ambalo linamhusu mwanafunzi wa lugha moja kwa moja. Busia imo katika ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria haikomi mwaka mzima. Njia moja ya kupambana nayo ni kupulizia kuta za ndani dawa inayomuua mbu anapotua kupumzika. Kaunti za Migori na Homa Bay, za ukanda huo huo, zilipuliziwa katika miaka ya mwisho ya muongo wa 2010. Dawa hiyo hudumu miezi kadhaa, kwa sharti kwamba ukuta usifunikwe. Tangazo la Kiswahili likisema "msipake rangi kuta zenu baada ya dawa", mama wa Amukura atalitii kikamilifu, kwani hana rangi wala hakukusudia kuinunua. Desemba itafika, atachota udongo na kinyesi cha ng'ombe, na kwa kiganja chake ataifunika dawa yote, kuanzia mlangoni hadi chumba cha kulala. Aliyeliandika tangazo alihitaji kitenzi kingine: msisiribe.