Bango la filamu Arua na Koboko: Liandikwe kwa lugha gani?

ARUA/KOBOKO – Filamu fupi ya mwanafunzi haina fedha za matangazo ya redio wala televisheni. Ina bango. Na huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, anayelibuni bango hilo hukutana na swali gumu hata kabla ya kuchagua rangi: liandikwe kwa lugha gani?

Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba ina urefu wa kilomita 92, kutoka mpaka wa Kongo hadi mpaka wa Sudan Kusini. Arua ni mji wa Kilugbara, Koboko ni wa Kikakwa. Hizo si lahaja za lugha moja. Anayejua ya kwanza haambulii kitu katika ya pili. Kiingereza ni cha waliokaa darasani. Sokoni, stendi na kwa wachuuzi wanaovuka mpaka, Kiswahili ndicho kinachopatanisha bei.

Kuziandika lugha zote ndilo wazo la kwanza la kila mtu, na ndilo baya zaidi. Karatasi ya A3 ina sentimita 29.7 kwa 42 tu. Herufi zikibanwa, abiria wa bodaboda atapita bila kusoma neno. Afadhali jina la filamu libaki katika lugha ya wahusika wake, kwa herufi kubwa, kisha Kiswahili kiseme mahali, siku, saa na kiingilio. Hapo kwenye saa pana mtego: “saa 12 jioni” inaeleweka, lakini “saa 6” pekee itawaleta wengine adhuhuri na wengine magharibi.

Kiswahili chenyewe kina historia nzito hapa. Idi Amin, ambaye kwa upande wa baba alikuwa Mkakwa, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa Waganda wengi kikabaki lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani. Baraza la Mawaziri lilipoamua Julai 2022 kukipa hadhi ya lugha rasmi, Sudan Kusini ilikuwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016 na Kongo ilikuwa imejiunga mwaka huohuo wa 2022. Ncha zote mbili za barabara ile sasa zimo katika Jumuiya.

Kivuli cha Amin kinaifuata hata picha. Filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006 iliwaonyesha watazamaji wa dunia Uganda kupitia sura yake. Bunduki na magwanda huvuta macho kwenye kibanda cha video, hilo halina ubishi. Lakini kama hadithi inahusu msichana anayeuza mihogo, bango la bunduki ni uongo, na mtazamaji aliyedanganywa atadai kiingilio chake.

Picha nzuri ya muuza mihogo hupigwa siku ya kurekodi, kwa kamera. Kipande kilichokatwa kutoka kwenye video ya pikseli 1,920 kwa 1,080 hakitoshi. A3 ya nukta 300 kwa inchi inataka takriban 3,508 kwa 4,961. Vinginevyo uso hutoka na ukungu.

Nakala ya kwanza ikitoka, ibandikwe ukutani juani, na mwenye bodaboda apite mara moja kisha aulizwe: filamu ni lini, na wapi?