'Nchi' na 'Nje': Maneno Mawili katika Siasa ya Muungano

Abiria apandaye boti Posta, Dar es Salaam, kwenda Unguja hasemi kwamba anakwenda nje. Husema anavuka, au anakwenda visiwani. Naye wa Unguja husema anakwenda bara. Kwa miaka mingi Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa Kivukoni, si mwendo mrefu kutoka gati hilo, kabla ya Serikali kuhamia Dodoma. Ni nani asemaye na mataifa kwa niaba ya pande zote mbili? Swali hilo ni la kisheria, lakini sehemu ya ugumu wake imo katika lugha.

Hati za Muungano, zilizotiwa saini na Nyerere na Karume tarehe 22 Aprili 1964, ziliorodhesha mambo 11 ya Muungano. Jambo la pili, katika Kiingereza cha Hati hizo, lilitajwa kwa sifa yenye maana ya 'yaliyo nje', pasipo kutaja nchi yoyote. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977 inasema 'Mambo ya Nchi za Nje'. Neno 'nchi' limeongezwa, nalo si neno jepesi. Kiswahili hulitumia kwa ardhi (ndiyo maana twasema nchi kavu), kwa makazi ya watu wenye historia yao, na kwa dola yenye kiti Umoja wa Mataifa.

Mtihani wa kwanza ulikuja mapema. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa na ubalozi Zanzibar, na Ujerumani ya Magharibi ilikuwa na wake Dar es Salaam. Bonn haikuvumilia nchi yoyote kuwatambua wapinzani wake. Mapema 1965 yakapatikana maafikiano: ubalozi wa Zanzibar ukome, na Ujerumani ya Mashariki iwe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kama dola. Hata hivyo Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Nyerere akajibu kwa kuukataa hata uliobaki. Inafaa kutambua kwamba Kiswahili kiliuficha mzozo huo: kwa msemaji wa kawaida, ubalozi mdogo ni ubalozi vilevile, ila mdogo. Tofauti iliyoigharimu Tanzania misaada haionekani katika neno lenyewe.

Mtihani mzito zaidi ulikuwa wa Desemba 1992, Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Walioitetea hatua hiyo walitaja manufaa ya kiuchumi. Kamati ya Bunge iliona kwamba Katiba imevunjwa, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Hoja ya Kamati ilikuwa na nguvu, kwani jumuiya yenye wanachama ambao ni madola haiwezi kuwa jambo la ndani. Lakini suluhisho halikumaliza swali. Mwaka huohuo wabunge 55 walidai Serikali ya Tanganyika, na Nyerere akaandika kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kuueleza na kuulaumu mwenendo wote huo.

Baadaye ugomvi ukahamia kwenye neno lenyewe. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na visiwani kukawa na hasira kubwa. Alikusudia dola, waliomsikia walisikia nyumbani kwao. Mwaka 2010 marekebisho ya Katiba ya Zanzibar yaliandika kwamba Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Katiba mbili sasa hutumia neno moja kwa maana zisizolingana, na hakuna kamusi iwezayo kuzisuluhisha.

Madhara yake huonekana hata pasipotarajiwa. Michezo si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar haikuhitaji idhini ya kikatiba kuwa na shirikisho lake la soka. Machi 2017 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliipokea kuwa mwanachama kamili. Julai mwaka huohuo likaufuta uanachama huo, kwa sababu haliwezi kuwa na mashirikisho mawili kutoka nchi moja. Safari hii tafsiri ya 'nchi' haikuamuliwa Dar es Salaam wala Unguja.